Tarumbeta Lililokataa Kunyamaza

Ijumaa ile, baada ya sala ya laasiri, Othman Mjaka aliomba homa. Si homa kali ya kupelekwa hospitali, la. Alitaka homa ya kiasi tu, ya kumlaza chumbani na shuka mpaka kichwani, hadi watu waliokuwa wakiingia uwanjani kwake wanywe chai yao, wasikilize walichokuja kusikiliza, waende zao. Akajishika shingo, akajishika kipaji cha uso. Baridi kama mtungi. Mwili ulikuwa mzima kuliko siku zote, na nje Msellem alishafika na spika yake.

Spika yenyewe ilikuwa tusi. Zamani hapakuwa na harusi Wawi, wala vijiji vya jirani, bila beni ya kina Othman: ngoma nyuma, bwana harusi katikati, wanawake wakicheza barabara nzima, na mbele ya wote Othman na tarumbeta lake, mashavu yamevimba kama mwenye maandazi mdomoni. Kisha akaja Msellem, mwanamume wa makamo na pikapu yake, akapakia spika kubwa kama makabati, na harusi zote zikamhamia. Wapiga ngoma wakarudi kwenye mihogo yao. Othman akabaki analisugua tarumbeta kwa ndimu na majivu kila Alkhamisi, halafu analifunga tena kwenye kitambaa.

Leo spika ile ile imekuja kwake, tena kwa kuitwa na mkewe mwenyewe, kupiga albamu mpya ambayo Wawi nzima imeambiwa kwamba Othman yumo. Na nani aliyewaambia? Othman. Aliwaambia sokoni, akawaambia wakitoka msikitini, akawaambia hata watu wa Mtambile ambao hawakumuuliza kitu. Mdomo wake haukuwa na breki. Kitu kimoja tu hakuwaambia: kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama yumo.

Mwenye albamu ni Khairat, binti wa Wete aliyekuwa akiimba kwenye mahoteli ya Unguja. Utotoni alimsikia Othman kwenye harusi ya dada yake, na inaonekana sauti ile ilimganda. Alipoanza kutengeneza albamu yake ya kwanza, wenzake walimshauri aende akarekodi Dar es Salaam. Akakataa. Akakodi nyumba Wete, karibu na bandari, akaziba madirisha kwa magodoro ili honi na kelele za wachukuzi zisiingie, fundi wa sauti akawekwa jikoni na mashine zake, kisha mwenyewe akapanda gari mpaka Wawi.

"Shikamoo, ami Othman. Nina albamu. Nataka tarumbeta lako liwemo."

"Marahaba. Albamu ya nini, taarabu?"

"Soul na jazi, ami."

"Soul ndo nini?"

Khairat alifikiri kidogo. "Ni mtu anasema lililomo moyoni mwake, halifichi."

"Na jazi?"

"Jazi anasema lile lile, lakini kila akirudia analisema vyengine."

Othman akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi si beni hiyo, mwanangu!"

Akaenda Wete na kanzu yake iliyopigwa pasi. Vijana wa bendi wakampokea kwa adabu, wakampa chai, wakamvisha vidude masikioni. Khairat akamweleza taratibu: wao wataanza, yeye ataimba, akishamaliza kuimba Othman ataingia, apige kidogo, kisha wote watamaliza pamoja. Othman akaitikia kwa kichwa. Kidogo, kisha basi. Nini kigumu hapo?

Ugumu ulikuwa ndani ya mwili wake. Kwenye beni yao palikuwa na desturi aliyoifuata tangu hajaota ndevu. Mkifika kwenye nyumba ya bibi harusi, ngoma zinaweza kupumzika, watu wanaweza kukaa, lakini tarumbeta halinyamazi mpaka mwanamke wa nyumba ile atoke na mrashi, amrashie mpigaji marashi ya waridi. Hiyo ndiyo ruhusa. Hiyo ndiyo kusema tumewapokea. Mpigaji akinyamaza kabla ya marashi amewaaibisha aliowaleta, kama vile amesema basi, hatutakiwi, turudini. Othman alishapiga mvuani, alishapiga na meno yanamuuma, na hata mara moja hakuwahi kunyamaza bila kurashiwa.

Sasa pale Wete, ndani ya chumba cha magodoro, Khairat alimaliza kuimba na Othman akaingia. Akafumba macho kama kawaida yake. Akapiga. Kinanda kikamfuata, gita zito la besi likamfuata, ngoma ikaja nyuma polepole, na Othman akasahau kwamba yuko studio. Alikuwa mlangoni kwa mtu. Akapiga akingoja. Hakuna aliyetoka. Kinanda kikataka kumaliza, yeye akaendelea, kikarudi. Ngoma ikataka kumaliza, yeye akaendelea, ikarudi. Angemrashia nani, na mrashi haukuwepo? Alipiga mpaka mdomo ukakataa wenyewe, na hapo ndipo alipofumbua macho.

Khairat alikuwa amegeukia ukuta. Mpiga kinanda alikuwa anatazama vidole vyake. Fundi akachungulia kutoka jikoni, akamtazama Othman, akarudi. Khairat alipogeuka macho yalikuwa mekundu, akasema tu, "Ahsante, ami. Hapa tutaona la kufanya."

Othman alisafiri kurudi Wawi akiwa amenyong'onyea. Tutaona la kufanya! Maneno hayo hata fundi cherehani huyasema akishakata kitambaa vibaya. Alijua walichokusudia kufanya: watamkata. Watabakisha kipande kidogo, au wasibakishe chochote. Na kwa kuwa aliona aibu, kila mtu alipomuuliza habari za Wete alijibu kwa sauti kubwa zaidi kuliko ilivyohitajika: "Nimewapigia tarumbeta, wenyewe wamebaki midomo wazi!" Moyoni alikuwa ameshaamua lake. Albamu ikitoka naye hayumo, basi tena. Tarumbeta litapandishwa darini na halitashuka, na yeye atakuwa mzee kama wazee wengine, wa kukohoa na kuuliza bei ya samaki.

Albamu ikatangazwa kwamba itatoka Ijumaa. Mkewe, Bi Mwatum, hakungoja kuulizwa. Alivaa buibui lake la shughuli akapita nyumba kwa nyumba, kama anayealika harusi ya mwanawe.

"Mama Rahma," Othman akamwambia, "kwani lazima watu waje?"

"Weye umewaambia Wawi nzima. Sasa wasikie wapi, ndotoni?"

"Lakini spika ya Msellem!"

"Weye unayo?" akauliza Bi Mwatum, akaenda kuloweka mchele wa vitumbua.

Basi ndiyo ikawa Ijumaa hiyo. Homa haikuja, na Bi Mwatum akaja mlangoni. "Baba Rahma, watu wamejaa. Toka." Othman akatoka.

Nusu ya uwanja ilikuwa imeanikwa karafuu kwenye majamvi, watu wakayazunguka kwa uangalifu. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa jikoni, wanaume kwenye mabenchi. Mzee Khatib, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikaa pembeni kabisa, mgongo ameupa spika, akamwambia kila aliyemwamkia kwamba yeye kaja kunywa chai tu. Bi Ummkulthum, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kuchoka, alikuwa amekaa mbele kabisa, kitumbua mkononi.

Msellem akaunganisha simu yake na spika, akapangusa kioo, na albamu ikaanza.

Wimbo wa kwanza uliingia na kinanda peke yake, kikitembea kama mtu asiye na haraka. Kisha sauti ya Khairat. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye mikwaruzo, na aliimba kwa Kiswahili cha kwao Pemba, si cha redioni, juu ya mtu aliyeondoka akasahau kuaga. Uwanja ukatulia. Wanawake wakatazamana. Bi Ummkulthum akaacha kutafuna.

"Mbona kanisema mie?" akasema.

Watu wakacheka, na kutoka hapo hawakuwa wageni tena na muziki ule. Wimbo wa pili ulikuwa wa kuchezesha mabega, wakachezesha mabega. Ulipofuata mmoja wa huzuni wakasema "aaa" kwenye kila kituo, kama wanavyofanya kwenye taarabu. Mahali gita zito lilipozungumza peke yake, Msellem akafumba macho, na mguu wa Mzee Khatib, aliyekuja kunywa chai tu, ukaanza kugonga chini.

Othman pia aliupenda. Hilo ndilo lililomuumiza. Laiti ungekuwa muziki mbovu, angesema ahsante Mungu simo. Lakini kila wimbo ulikuwa mtamu kuliko uliopita, na kila mmoja ulipoanza alikaza shingo kungoja tarumbeta, na kila mmoja ulipokwisha tarumbeta halikuwepo.

"Othman, uko wapi humo?" Bi Ummkulthum akauliza. "Umejificha nyuma ya kinanda?"

"Subira, Bi Ummkulthum."

Wimbo mwengine ukaisha. Hakuna tarumbeta.

"Labda kapiga kimoyomoyo!"

Uwanja mzima ukacheka, na Othman akacheka nao, ingawa kicheko chake kilikuwa cha meno tu. Alimtazama mkewe. Bi Mwatum alikuwa anamimina chai, ametulia tuli, kama mtu asiyekuwa na wasiwasi wowote duniani. Utulivu ule ulimchoma zaidi ya maneno ya Ummkulthum. Anamwamini mumewe, maskini, na mumewe atamvunjia uso mbele ya majirani wote aliowaalika mwenyewe.

Ghafla spika ikanyamaza katikati ya makofi. Msellem akaitazama simu, akaitikisa.

"Bando limekata!"

Othman nusura asujudu. Hii ilikuwa bora kuliko homa. Uongo ulikuja wenyewe mdomoni, mtamu, tayari kumezwa: ah, bahati mbaya jamani, mie nimo kwenye ule wa mwisho, ndo mngenisikia sasa hivi. Nani angebisha? Watu wangesikitika, wangesema siku nyengine inshaallah, na siku nyengine isingefika. Akasimama aseme.

Lakini Bi Mwatum alikuwa amegeuka anamtazama, kitambaa cha birika mkononi, na Othman akaona hawezi. Angeweza kuwadanganya watu wa Mtambile mpaka kesho. Mbele ya yule mwanamke hakuweza.

"Jamani," akasema. "Nisikilizeni. Wete niliitwa, kweli. Nilipiga, kweli. Lakini mie niliwaharibia. Waliniambia nipige kidogo, mie nikapiga kama niko mlangoni kwa ntu, nangoja kurashiwa. Sikunyamaza. Vijana wa watu wanataka kumaliza, mie sinyamazi tu. Sasa wamenitoa, na haki yao, ningekuwa wao ningejitoa. Niliyokwambieni yote yalikuwa majigambo. Nyweni chai. Tarumbeta leo linapanda darini."

Bi Ummkulthum alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo Wawi ilikuwa haijaliona. Msellem akainamisha kichwa. Kisha kutoka pembeni kabisa ukanyooka mkono, na ndani ya mkono ule mlikuwa na simu. Mzee Khatib hakugeuza hata shingo.

"Msellem, unganisha na yangu. Ina bando kubwa hiyo, la darsa."

"Lakini mzee, umesema umekuja kunywa..."

"Chai nishakunywa! Unganisha. Ntu hawezi kuondoka kazi haijesha."

Kicheko kikapasuka uwanja mzima, na Othman akabaki amesimama kama mlingoti, hajui akae au akimbie. Msellem akaunganisha simu, akapangusa, akasoma. Akasoma tena, midomo ikichezacheza.

"Umebaki mmoja," akasema. "Mrefu huu! Unaitwa 'Mlangoni kwa Mwatum'."

Vichwa vya wanawake vyote viligeuka kwa pamoja. Bi Mwatum akajiziba mdomo kwa mtandio, lakini macho yalikuwa yanacheka, hayafichiki.

"Nani kawapa jina hilo?" Othman akauliza. Hakujibiwa, maana kinanda kilishaanza.

Khairat aliimba maneno machache tu, akanyamaza. Na hapo, kutoka kwenye ile spika ya Msellem iliyomnyang'anya harusi zake zote, tarumbeta la Othman Mjaka likaingia. Lilitoka zima, na pumzi zake, na ule mkwaruzo wake ambao ndimu na majivu havijawahi kuuondoa. Mtu yeyote wa Wawi angelijua hata usingizini.

"Othman!" Bi Ummkulthum akapiga ukelele, kitumbua kikaruka. "Othman huyo!"

Hawakumkata. Othman alingoja mahali pa kukatwa, hapakufika. Kinanda kilitaka kumaliza, tarumbeta likaendelea, na uwanja ukapiga kelele kwa furaha. Ngoma ikataka kumaliza, tarumbeta likaendelea. "Usinyamaze!" watu wakapaza sauti. "Wallahi usinyamaze!" Wanawake walishasimama, wamejipanga mstari kama wa harusi, Bi Ummkulthum mbele, wanazunguka majamvi ya karafuu kwa mwendo ule ule wa zamani, kiuno huku, mkono juu. Msellem akaongeza sauti mpaka mwisho wa uwezo wa spika, akaiacha spika yake, akaingia kwenye mstari.

Sasa Othman, kwa kusikia na si kwa kupiga, akaujua mtungo ule. Pale Wete alifumba macho na vidole vikachagua vyenyewe. Leo aliutambua. Ndio alioupiga siku ya harusi yake mwenyewe. Beni haikuwa na mpigaji mwengine, basi bwana harusi akavaa joho, akashika tarumbeta, akajileta mwenyewe mpaka mlangoni kwa bibi harusi, huku Wawi nzima ikimcheka. Na mlango ulichukua muda mrefu kufunguliwa. Alisimama akapiga, akapiga, mrashi hautoki, mpaka mdomo ukamvimba na pilau la harusi yake hakulila. Tangu siku hiyo alijua shangazi za Mwatum, watu wa mashamba makubwa, walikuwa wanamwambia kitu bila kusema: sisi hatukutaka mpiga tarumbeta. Hakuwahi kumuuliza mkewe. Kuna mambo mtu huyaacha yalale.

Bi Mwatum alikuja akasimama kando yake. Ilibidi amsogelee sikioni, kwa zile kelele.

"Khairat alinipigia simu. Akanirushia ulichopiga, akaniuliza, mama, huu wimbo gani ami kaupiga, sote tumelia hapa. Mie nikamwambia."

"Ulijua kumbe! Na ukaniacha nikateseka vile?"

"Ulikuwa unajigamba. Nikasema acha nimwone mwisho wake." Akacheka. Kisha kicheko kikapungua, akashika mkono wa kanzu ya mumewe. "Na jengine nalijua. Siku ile shangazi zangu walisimama na mrashi tangu ulipofika. Wakasema maskini kijana wa watu anachoka, tutoke. Mie nikawapokonya mrashi nikaukalia."

Othman akamgeukia mzimamzima. "Weye?"

"Mie."

"Miaka yote hii najua walinidharau!"

"Walikupenda siku ile ile. Walinigombeza mie."

"Sasa kwa nini, Mwatum? Mdomo ulinivimba, hata pilau sikula."

"Wangekurashia ungenyamaza," Bi Mwatum akasema. "Na mie nilikuwa sijatosheka."

Othman akacheka kwa furaha, akakaa papo hapo kwenye mkeka wa wanawake, na hakuna aliyemwondoa.